Peni yenye jina la mtu ubavuni

Huko Uingereza na Marekani, kwenye minada ya mtandaoni hasa, peni ya wino ya zamani ikiwa imechongwa jina la mwenyewe ubavuni bei yake inashuka. Muuzaji anaweka picha, anasifia nibu, ile ncha ya kuandikia, anasifia rangi, alafu mwishoni kabisa anasema ina jina la mtu, na wanunuzi wengi wanaipita, wanaitafuta ileile isiyo na alama ambayo imelala kwenye boksi lake tangu miaka ya hamsini na haijawahi kuonja wino. Mimi nazitafuta hizohizo zenye majina. Nimekusanya peni za zamani kwa miaka mingi sasa na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kwenye hili soko limekosea, na linakosea zaidi kwetu sisi watu wa huku, maana peni iliyofika Tanga au Tabora au Kisumu mwaka 1955 haikuja kukaa kwenye boksi. Ilinunuliwa na mtu mwenye kazi ya kuandika, mara nyingi kwa sehemu kubwa ya mshahara wake, akaichonga jina ili isipotelee kwenye meza za watu ofisini, akaandika nayo mpaka ikachukua alama ya mkono wake. Hiyo alama ndiyo ninayoitafuta.

Na majina yako ya kila aina. Kuna yaliyochongwa na mashine dukani, herufi zimekaa safi na zimejazwa rangi ya dhahabu, kuna yaliyokwaruzwa na mwenyewe kwa ncha ya sindano, herufi mbili tu za mwanzo, zimepinda, na ninayo moja ambayo haina jina kabisa, ina namba ya kazi.

Peni ninayoijua vizuri kuliko zote siyo yangu. Ni ya mzee mmoja Tabora, karani mstaafu wa reli, jina lake silitaji hapa. Aliajiriwa enzi za East African Railways and Harbours, lile shirika lililozaliwa 1948 baada ya reli za Kenya na Uganda kuunganishwa na za Tanganyika, makao makuu Nairobi, na hukohuko Nairobi ndiko alikoinunua peni yake alipopelekwa kozi. Parker 51, rangi ya damu ya mzee, kifuniko cha chuma kisicho na mng'ao mkali, klipu yake ule mshale wa Parker. Kwa miaka yote aliyofanya kazi ameandika nayo hati za mizigo, tumbaku, asali, nta, karanga, behewa kwa behewa.

Nilipofika kwake nikampa shikamoo, akaitika marahaba, na nilipomwambia nimekuja kwa habari ya peni hakuuliza peni gani, akamtuma mjukuu chumbani. Nikaishika, nikaandika mstari mmoja, ikakwaruza. Mzee akanitazama mkono.

"Usiibane hivyo mwanangu. Unaishika kama biki. Ilaze, alafu igeuze kidogo upande wa kushoto."

Nikailaza, nikaigeuza kidogo tu, na yaani palepale ikaacha kukwaruza ikaanza kuteleza, wino unatoka sawasawa, haulazimishwi. Mzee akasema, "Haya, hapo ndipo inapopita."

Ngoja nieleze kilichotokea pale maana ndio moyo wa jambo lenyewe. Nibu ya Parker 51 ni dhahabu ya karati 14, lakini dhahabu ni laini, ingegusa karatasi yenyewe ingeisha mapema sana. Kwa hiyo mwishoni kabisa mwa nibu huwa wanachomelea kipunje cha metali ngumu za jamii ya platinamu, kama osmiamu, iridiamu au ruteniamu, alafu wanakipasua katikati ili wino upite. Hicho kipunje ndicho kinachoandika. Kinalika pia, ila polepole mno, na kinalika pale tu panapogusa karatasi, kwa pembe ileile ambayo mwenye peni anaishikia kila siku. Watu husema nibu ya dhahabu inazoea mkono wa mwenyewe, na ni kweli inauzoea, ila siyo kwa sababu dhahabu imejikunja kumfuata, ni kwa sababu kile kipunje kimesagwa na karatasi mpaka kikawa na uso bapa unaolingana na mkono wake peke yake. Nimeiweka ile peni ya mzee chini ya lenzi ya fundi saa. Kipunje ukikitazama kwa mbele unakiona upande wa kulia bado ni duara, wa kushoto umelika ukawa bapa dogo linalong'aa, na ukingoni mwa hilo bapa pana kona kali, na hiyo kona ndiyo iliyokuwa inakwaruza nilipoishika mimi kivyangu. Hati za mizigo za miaka yote hiyo huenda zilishachomwa au kuliwa na mchwa, sijui ziko wapi, lakini namna mzee alivyokuwa anauweka mkono wake mezani ipo pale kwenye kipunje na unaweza kuiona.

Sasa hapa mafundi wa peni wamegawanyika. Wapo wanaosema nibu iliyolika upande unaisawazisha, unachukua karatasi laini sana za kung'arishia, zile zinazotumika kwa plastiki, unaizungusha kidogo kidogo mpaka kona kali inaondoka na mtu yeyote anaweza kuandika nayo. Kazi hiyo naijua na naifanya, nibu ikiwa imeharibika kwa kuangushwa au imelika vibaya kiasi kwamba hakuna pembe inayokubali. Lakini nibu iliyolika kwa kuandika siigusi, hata ikiwa mwenyewe hayupo na hakuna anayemjua. Najifunza pembe yake. Inachukua kurasa chache tu, unaigeuza huku, unaigeuza kule, unainua mkono kidogo, mara inakubali, na ikishakubali unajua huyu mtu alikuwa anaandika mkono umelala au umesimama, alikuwa wa kulia au wa kushoto. Nani mwingine atakupa habari hiyo kuhusu mtu ambaye jina lake ni herufi mbili zilizokwaruzwa na sindano?

Tuseme kidogo kuhusu hiyo 51 yenyewe kwa sababu ndiyo utakayokutana nayo zaidi kwenye droo za wazee wa Afrika Mashariki, na inastahili. Kampuni ya Parker ilianza 1888 kule Janesville, Wisconsin, Marekani, na jina la 51 linatokana na kwamba peni ilikamilika 1939, kampuni ikiwa na miaka 51. Ilianza kuuzwa rasmi 1941. Shida waliyokuwa wanataka kuitatua ni wino wa kukauka haraka, maana enzi zile ukiandika ilibidi uwe na karatasi ya kufyonza wino pembeni, ama usubiri, ama uchafue mkono. Wino ukiwa wa kukauka haraka kwenye karatasi utakauka haraka na kwenye nibu, kwa hiyo wakaificha nibu. Ndiyo maana 51 ukiitazama unaona kincha tu kinachungulia, nibu yote imo ndani ya ganda. Mwili ni plastiki iliyoitwa Lucite, plastiki ileile waliyotumia kwenye vioo vya ndege, haipauki, haibadiliki rangi, na haishtuliwi na joto letu. Mwaka 1948 wakabadilisha namna ya kujaza wakaweka kifuko cha plastiki ndani ya ala ya chuma, unabonyeza utepe wa chuma mara kadhaa huku nibu ikiwa ndani ya wino, basi. Vile vifuko vingi vinafanya kazi mpaka leo. Fikiria, kitu cha plastiki laini kimekaa na wino na joto la Tabora zaidi ya nusu karne na bado ukikibonyeza kinavuta. Ile ya mzee ilikuwa na wino uliokauka ndani kwa sababu macho yalipomsumbua aliacha kuandika, na nilichofanya ni kuiloweka sehemu ya mbele kwenye maji ya baridi, nikawa nabadilisha maji asubuhi na jioni, siku za mwanzo yakawa yanatoka meusi kabisa, baadaye bluu, mwisho meupe. Hakuna kipuri hata kimoja kilichobadilishwa.

Nyingi za huku zimeandikwa Made in England. Hizo zimetoka Newhaven, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, Sussex, ambako Parker walichukua kiwanda wakati wa vita kuu ya pili na kutokea hapo wakawa wanauza kwenye makoloni. Kiwanda kilikuja kufungwa kazi ikahamishiwa Ufaransa. 51 ya asili waliacha kuitengeneza 1972.

Lakini nikiulizwa napenda zipi mezani kwangu, nitasema zile za kijimkono. Hizi ni za zamani zaidi kwa muundo, zina kijimkono cha chuma ubavuni, unakinyanyua kwa ukucha, ndani kinasukuma bapa la chuma linalobana kimpira, ukikiachia kimpira kinajaa wino. Walter Sheaffer, mwenye duka la vito kule Iowa, alipata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, 1908 na baada ya hapo karibu kila mtu akaufuata mtindo huo kwa miaka thelathini na zaidi. Huku kwetu zilikuja za Kiingereza, Conway Stewart za London, Swan za Mabie Todd, na hizi hutaziona zinafanya kazi ukiziokota, hata moja, kwa sababu kimpira cha ndani ni mpira wa kweli na mpira wa kweli unakufa. Unakauka, unakuwa mgumu, mwisho unavunjika vipande vipande ndani ya peni. Watu wengi wakishaona hivyo wanaitupa wakidhani imekwisha, na hapo ndipo roho inaniuma, maana hakuna ugonjwa wa peni unaotibika kirahisi kuliko huo.

Nina Conway Stewart moja ya kijani yenye mishipa myeusi, niliipata kwa fundi saa Kariakoo, ilikuwa kwenye kopo pamoja na mikanda ya saa. Yule fundi ni mtu mzima na aliniambia zamani mafundi saa ndio waliokuwa pia wanatengeneza peni, na kweli bado alikuwa na chupa yenye shelaki ndani, ile gundi ya zamani ya kubandikia peni. Kazi yenyewe iko hivi. Unapasha moto shingo ya peni, pale nibu inapoingilia kwenye mwili, kwa drya ya saluni, moto wa chini, unaizungusha isipate moto sehemu moja, na unakuwa na subira kuliko unavyodhani unahitaji. Shelaki ya zamani ikilegea, shingo inatoka kwa kuizungusha taratibu huku unavuta. Unakung'uta vipande vya mpira uliokufa, unakwangua mabaki kwenye kile kichuchu ambacho mpira ulivalishwa, unatazama kama bapa la chuma ndani halijaliwa na kutu. Alafu unachukua kimpira kipya, vinauzwa kwa saizi na bei yake ni ndogo, unakipima kisifike mwisho kabisa wa mwili, unakikata, unapaka shelaki kidogo kwenye kichuchu, unakivalisha, unaacha kikauke usiku kucha. Asubuhi unakipaka poda ya talki isiyo na manukato, unarudisha shingo mahali pake, unajaribu na maji kwanza. Ukisikia viputo vya hewa vikitoka kwenye kikombe unapoinua kijimkono, na maji yakapanda, imepona.

Angalizo kubwa hapo, na naomba ulishike kuliko mengine yote niliyoandika: Conway Stewart nyingi za kabla ya vita mwili wake ni kaseini, yaani plastiki iliyotengenezwa na protini ya maziwa. Rangi zake ni nzuri kuliko plastiki yoyote niliyowahi kuona, zina kina, ila inakunywa maji. Ukiiloweka inavimba, inapinda, inapasuka. Hata unyevunyevu wa pwani unaichosha, na nimeona za Tanga na Unguja zilizojaa nyufa ndogo ndogo mwili mzima wakati za Dodoma na Tabora ziko safi. Kwa hiyo kama hujui mwili ni wa nini, usiloweke, osha shingo na nibu peke yake ukishazitoa. Na zile za seluloidi nazo usizisogeze karibu na mwali wa moto, zinashika moto kweli, siyo hadithi.

Kabla ya plastiki zote hizo peni zilikuwa za eboniti, mpira uliopikwa na salfa mpaka ukawa mgumu. Nyeusi nyingi za miaka ya 1900 na 1910 ni hizo, na ukiikuta imegeuka rangi ya kahawia kidogo ujue jua na umri vimeigusa, iache hivyo, maji yanaizidisha. Nikiishika peni ya wakati huo siwezi kutofikiria mpira wake ulitoka wapi. Miaka hiyo mpira wa porini ulikuwa unatoka Amazon na unatoka Kongo, Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, 1885 mpaka 1908, ambako watu walitekwa wake na watoto wao ili waende msituni kugema, na walioshindwa kufikisha mzigo waliuawa na wengine wakakatwa mikono. Mpira mwingi ulikwenda kwenye matairi ya baiskeli na magari, peni zilichukua kidogo tu, na hakuna mtu anayeweza kuishika peni akasema huu ni wa Kongo na huu siyo. Hata hapa kwetu Wajerumani walipanda mpira mashamba makubwa Tanga na Morogoro, ikashuka bei ya dunia 1913 yakaachwa. Sisemi tuzitupe peni hizo. Nasema tu wanaoandika kurasa na kurasa kuhusu uzuri wa eboniti nyeusi, joto lake mkononi, wangetenga hata sentensi moja kwa waliougema.

Rukia mbele. Waliosoma miaka ya sabini na themanini watakuambia peni yao ya wino ilikuwa Hero, na mimi pia. Zimetoka Shanghai. Reli ya TAZARA ilipojengwa, 1970 mpaka 1975, gharama za ndani zililipwa kwa sehemu kwa bidhaa za Kichina zilizouzwa madukani Tanzania na Zambia, kwa hiyo nyumba nyingi zilikuwa na birika la Kichina, taa ya Kichina na vinginevyo, na hali hiyo ya bidhaa za China madukani ikaendelea. Hero 616 ukiitazama kwa mbali utadhani ni Parker 51, nibu imefichwa vilevile, kifuniko cha chuma vilevile, na siyo bahati mbaya, Wachina mwishoni mwa miaka ya hamsini walitoa Hero 100 wakiwa na nia ya wazi ya kuifikia Parker. Wakusanyaji wengi wanazidharau 616 kwa sababu ni za bei rahisi. Mimi ninazo kadhaa, zote zimetumika, na moja ina alama za meno mwishoni, za mwanafunzi aliyekuwa anawaza hesabu. Nibu yake ya chuma inaandika mstari mwembamba sana, mkavu kidogo, na ndio mstari ambao wengi wetu tulijifunzia mwandiko, kwa hiyo nikiandika nayo mwandiko wangu unarudi ule wa darasani wenyewe bila kuuita.

Biki ilikuja ikashinda na sababu zake ni za maana. László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria, ndiye aliyepata hataza ya biki ya kisasa mwaka 1938, na Marcel Bich akatoa Bic Cristal Ufaransa Desemba 1950 kwa bei ambayo hakuna peni ya wino ingeiweza. Bei ni sababu moja, nyingine huku kwetu ni karatasi ya kaboni. Ofisi za serikali na reli ziliendeshwa kwa nakala, unajaza fomu moja chini yake kuna mbili, na peni ya wino haitakiwi kukandamizwa. Zilikuwepo nibu ngumu maalumu kwa kazi ya nakala, na ndiyo maana nyingi nilizozikuta kwenye ofisi za zamani ni ngumu kama msumari, lakini biki inafanya kazi hiyo bila kuumia. Mzee wa Tabora aliniambia alikuwa na biki ya shirika kwa ajili ya fomu na Parker yake kwa ajili ya kitabu kikubwa cha kumbukumbu, na vitu hivyo viwili hakuvichanganya mpaka alipostaafu.

Basi ukiipata moja, iandikie. Peni ya wino ikikaa na wino bila kutumika ndio inaharibika, ikitumika kila siku inajisafisha yenyewe. Siri ya kinachoendelea ndani ni ndogo, wino unashuka kwa mpasuo mwembamba na hewa lazima ipande juu kuchukua nafasi yake, ndicho alichokipatia Lewis Waterman New York 1884, akachora mifereji myembamba kwenye kile kipande kilichoko chini ya nibu ili wino na hewa vipishane bila kugombana. Ukilijua hilo utajua pia kwa nini peni inamwaga kwenye daladala saa nane mchana. Ikiwa imebaki nusu, ndani kuna hewa nyingi, joto la mfuko wa shati linaitanua hewa na hewa inausukuma wino nje. Ijaze kabisa ama iache tupu, na mfukoni nibu itazame juu. Kwenye ndege hivyohivyo.

Wino, Quink ya Parker bado inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ofisi mijini, ipo tangu 1931, salama kwa karibu kila peni ya zamani, bluu-nyeusi ndiyo naipenda kwa sababu inakaa vizuri kwenye karatasi zetu. Usiweke wino wa mhuri. Nimezikuta zilizojazwa wino wa mhuri na kuzisafisha ni kazi ya wiki na nyingine hazirudi. Usiweke wino wa kuchorea wa Kihindi, una shelaki ndani, ukikauka umeshaziba. Karatasi ndio tatizo letu halisi, kauntabuku nyingi za sasa wino unatawanyika ukaota mizizi mpaka ukurasa wa pili, lakini ziko zinazokubali na huwezi kujua kwa jalada, mimi nabeba peni dukani, naomba muuzaji aniruhusu nichore mstari mmoja ukurasa wa mwisho, wengi wanakubali, na nikipata iliyo nzuri nanunua kadhaa za fungu hilohilo kwa sababu fungu linalofuata linaweza kuwa la karatasi nyingine kabisa.

La mwisho ni la kusaidiana. Kuna duka la vifaa vya shule Tanga lilikuwa linafungwa, mama mwenye duka akaniuzia boksi la nibu za Osmiroid ambazo hazijatumika, zile za Kiingereza za kufundishia mwandiko wa italiki, kuna nyembamba, za kati, na pana zilizokatwa mshazari kwa wanaotumia mkono wa kushoto. Osmiroid zinafungwa kwa kuzungusha kama skrubu, na uzi wake unaingia kwenye peni za Esterbrook J za Marekani bila kubadilisha kitu chochote. Esterbrook zipo nyingi kuliko mnavyodhani, hasa kwenye nyumba zilizowahi kuwa na uhusiano na wamisionari wa Kimarekani, zina vijimkono, zina rangi ya mawimbi mawimbi, na mara nyingi kilichoharibika ni nibu na kimpira tu. Kama nyumbani kuna peni ya bibi au ya babu, angalia kama imeandikwa Esterbrook pembeni. Kama ndiyo, niambie mwenyewe alikuwa anaandika kwa mkono upi na alikuwa anaandika nini, nitakutumia nibu inayofaa.